Chumvi ya Mbuzi

Mwaitu, mama yangu,

Sijui hata nianzie wapi. Nilikuwa nimekubali kwamba umekwenda, na sasa imebidi nianze upya.

Unakumbuka ile chumvi ya mbuzi? Ulikuwa ukipita zizini unaichota kwenye kibuyu na kuilamba kiganjani kama mtoto aliyepata sukari. Baba alikutania: "Wewe na mbuzi mtakuja kupigania hiyo chumvi." Ukacheka, kisha ukakaa chini, maana kila ukiinuka kichwa kilizunguka. Ukakonda. Ukawa mweusi hata fizi. Majirani wakasema, "Hilo ni jua la kuvuna ndengu." Kanisani wakakuombea. Wengine walinong'ona mambo ya jicho baya. Hakuna aliyekupima damu.

Mwaitu, nami nimeanza kulamba.

Mistari ya viganja vyangu imekuwa myeusi. Nilipoanguka sokoni Ikutha nilipelekwa hospitalini Kitui. Daktari alitazama fizi zangu, akanipima presha nikiwa nimelala, akanisimamisha, akapima tena. Halafu akauliza, "Unasikia hamu ya chumvi?" Nilicheka. Kisha nikalia, akashindwa kunielewa.

Damu yangu ilisafirishwa hadi Nairobi. Majibu yakasema chumvi ya damu imeshuka, potasiamu imepanda, na homoni ya tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo karibu haipo kabisa. Nimepewa vidonge vya kumeza maisha yangu yote.

Nilimuuliza daktari kama huo ndio ugonjwa uliokuua. Akasema hawezi kupima aliye kaburini. Kwa hivyo sijui, na sitajua. Nikifurahi kwamba nimepata nguvu, najiona kama nimekunyang'anya kitu. Nikilia, inafika saa ya kidonge, nanyamaza nimeze. Nimkasirikie nani, Mwaitu? Jua? Mbuzi?

Baba siku hizi hatanii. Kila asubuhi ananiletea kidonge, maji, na chumvi katika kile kibuyu chako, anasimama hapo mpaka nimeze. Nami naogopa kumuuliza anachowaza.

Pumzika, mama. Nakuahidi sitaacha dawa, hata siku nitakayojiona mzima kabisa. Na kila nikilamba chumvi yangu, fungu lako nitawamwagia mbuzi.

Binti yako,
Mwende