Kamba ya Baba Mkwe

Alhamisi, Butali.

Na ni mimi niliyemsomea baba mkwe vipimo kwamba yuko sawa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupima watu kanisani, peke yangu. Alikuja na mama mkwe, amevaa koti lake la tangu enzi alipofanya kazi kiwandani. Akapanda mizani, akasimama ukutani penye alama za urefu, nikapiga hesabu. Uzito na urefu vinaelewana. Akatabasamu. Lakini miguu yake ni myembamba kama fito, na vifungo vya koti vilikuwa vimevutika tumboni.

Ilibaki kuzungusha utepe kiunoni. Huku kwetu mke hamgusi baba mkwe, hata awe mhudumu wa afya.

Nikakata kamba ya urefu wake, nikaikunja katikati, nikampa mama mkwe. Kiuno hakitakiwi kuzidi nusu ya urefu: kamba ikizunguka na ncha zikikutana, si mbaya. Wakaingia chumba cha kwaya.

Waliporudi, mama alinionyesha pengo lililobaki kati ya ncha: vidole vinne.

Ndugu yake baba mkwe alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Hakuna aliyemtaja.

Baba mkwe alitazama ukuta, akamwambia mama, nami nimesimama palepale, "Muulize mwenye kamba nipunguze ugali kiasi gani."

Nikamjibu mama kwamba kwanza kesho aende akapimwe sukari. Mama akamwambia. Baba mkwe akaichukua ile kamba, akaikunja polepole, akaitia mfukoni.

Koti aliliacha wazi.