Springi Nane za Pranlal

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Kamshafti mpya imefika! Nimeishika mkononi muda mrefu kuliko inavyofaa. Nundu kwenye mhimili wake ni ndefu — zitasukuma valvu ndani zaidi, injini ivute mpaka juu kabisa. Datsun ya marehemu Pranlal, miaka sita imelala kwenye gereji ya nyumbani kwake hapa Loresho. Mkewe, Mama Pramila, anataka kuiendesha mwenyewe kwenye mashindano ya kupanda mlima, Jumapili tarehe 19. Ana miaka sitini na minane! Zamani kwenye mbio za magari alikaa kushoto, akimsomea mumewe njia. Na mimi, fundi wa Kangemi, nashinda hapa na harufu ya oili, maua ya jakaranda yakinidondokea. Nani kama mimi?

Nikamwambia springi za kurudisha valvu nazo zibadilishwe, hazitaiweza kamshafti hii. Akakataa katakata.

"Springi ya Pranlal usiguse, Joyline. Alifunga na mkono yake mwenyewe."

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi mjini, Kirinyaga Road. Moiz, muuza spea, amenipa springi moja mpya ya kujaribia. Nikatoa moja ya Pranlal, nikazipanga kichwa kwa kichwa kwenye jiliwa, msumari katikati zisiruke. Nikakaza polepole. Ya Pranlal ikajikunja hadi mwisho, mpya bado ina nafasi. Imechoka. Springi ikichoka valvu huchelewa kurudi, na pistoni haingoji mtu, itaigonga. Injini kwisha — na mama wa watu yuko kwenye kona mlimani.

Nimekaa nikitazama mawingu. Chai imepoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bado sijamwambia. Muoga mimi. Mchana nimesinzia nimeegemea tairi, nikaota niko ndani ya injini, pana kama ukumbi wa harusi, valvu zinapanda na kushuka taratibu. Moja imebaki chini. Naibembeleza irudi, hairudi. Nikaamka, Mama Pramila amesimama na chai ya masala. Akauliza kama springi ziko salama.

Nikasema ziko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Amekwenda hekaluni. Saba nyingine nimezinunua kwa Moiz, nimebadilisha zote nane. Za Pranlal nimezifunga kwa kitambaa safi, ziko kwenye begi langu. Najiona mwizi.

Jumatano, 15 Oktoba

Imewaka! Jamani, sauti! Nilisahau dhambi zangu zote. Mama Pramila akakaa kwenye usukani, akafumba macho, akakanyaga mafuta. Juu. Juu zaidi. Safi kabisa mpaka mwisho. Halafu akazima.

"Ya Pranlal ilikuwa inakohoa pale juu," akasema. "Kila siku. Hii haikohoi."

Nikafungua begi, nikampa kitambaa. Nikamwambia naomba msamaha kwa kumdanganya, lakini kuzifunga tena sitazifunga. Niliogopa angekufa. Akazihesabu moja moja kwa kidole, akazilaza mapajani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Kisha akashuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto.

"Hii si gari ya Pranlal tena. Endesha wewe."

Ameingia ndani kuchukua miwani. Naandika hapa kwenye usukani, daftari juu ya goti. Hiyo ni hasira au ni zawadi? Sijui. Anakuja. Ana miwani, ana ramani ya zamani, na zile springi bado amezikumbatia. Ameketi. Anavuta mkanda, hautoshi, ananiambia niache kuandika nimsaidie ku—