Mtoto Kwenye Khanga ya Njano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Salamu kwanza, maana bila salamu mkono wangu hauanzi. Baba Esta mzima, mgongo tu unamsumbua. Happy, kitinda mimba wangu, mzima, yuko shule. Kuku wazima. Esta wangu mzima, yuko Misungwi kwa mumewe, tumbo limeshuka, siku yoyote. Mkwe wangu Masanja mzima. Mama yake Masanja mzima, jana alinisalimu kwenye simu, sauti nzito kama ya mwanaume. Mimi mzima, ila moyo.

Maandazi yameisha mapema. Nikafua. Halafu nikaenda kwa jirani yangu Mama Rose, tukaangalia tamthilia ya Wakorea.

Nasema ukweli, Wakorea ndio wanaojua. Wahindi wanaimba mno, mtu kafiwa anaimba. Wafilipino vibao tu, kila saa vibao. Wachina wanaruka juu ya mapaa, siwaamini. Mkorea analia mpaka kamasi linaonekana. Hicho ndicho kilio. Na wanakula! Msichana kaachwa na mchumba, anakula. Nampenda yule mama muuza supu. Simpendi kijana tajiri, anamtazama msichana wee, hasemi kitu. Huku Mkolani wangeshamchukulia.

Leo ilikuwa mbaya. Nesi kabadilisha watoto wodini. Wa tajiri kampa maskini, wa maskini kampa tajiri. Yule mtafsiri anayeingiza Kiswahili juu yake akasema, "Akina mama mnaojifungua hospitali, shauri yenu!" Chai ikanishinda.

Mama Rose akacheka. "Hayo ni ya mtafsiri, Mama Esta. Mkorea hajasema hivyo."

Nikamuuliza, wewe unajua Kikorea? Kaongeza sauti ya runinga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Usingizi haba. Nimenunua doti ya khanga ya kumpokelea mjukuu. Njano, maua meusi. Kipande kimoja nimekishona uzi mwekundu kwenye kona. Sikumwambia mtu kwa nini. Wale wa Kikorea wote wanavishwa nyeupe, ndiyo maana wanachanganywa. Wetu atakuwa na alama.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Masanja alipita, katoka mjini kununua vipuri vya pikipiki yake. "Shikamoo mama." Hakuingia ndani. Anaheshimu sana ukwe, anasimama mbali, macho chini. Nikampa khanga zile ampelekee Esta. Nilitaka kumwambia asibanduke mlango wa wodi, asimwamini nesi. Lakini mkwe unamwambiaje mambo ya uzazi? Nikasema tu, msalimie mwenzio, na akishajifungua mniletee hapa nimkande. Akasema, "Sawa mama, tulishakubaliana."

Mchana Wakorea tena. Yule binti aliyebadilishwa anaosha vyombo kwenye mgahawa. Mama yake mzazi kaingia, kaagiza chakula, kamtazama usoni, hakumjua! Nilikasirika. Mama gani asiyeijua damu yake? Mimi ningejua.

Nimerudi nyumbani nikawaza. Ningejua kweli?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Uchungu umeanza. Masanja kapiga, wako hospitali. Mama yake yuko na Esta. Mimi siko naye.

Maandazi yameungua, yote.

Simu ya Masanja haipatikani. Baba Esta anasema chaji. Yeye kila kitu kwake ni chaji.

Mvua kubwa. Naomba Mungu. Sina maneno mengine.

Jioni. Mtoto wa kiume! Wote wazima. Nimelia, Happy kalia, Baba Esta katoka nje kujifanya anaangalia kuku. Asante Mungu.

Lakini Masanja anasema Esta alikuwa amechoka, na mtoto alibebwa kupelekwa kupimwa uzito. Kubebwa na nani?

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nitaandika yote.

Sikwenda kanisani. Nilifika hospitali saa ya kuona wagonjwa, na chupa ya uji wa ulezi. Wodi imejaa. Kitanda cha mlangoni kuna msichana mdogo, simjui, kapakata mtoto. Khanga ya njano. Nikatazama kona. Uzi mwekundu. Mshono wangu mimi.

Mbele kidogo Esta wangu amelala. Ubavuni mwake mtoto kwenye shuka la mistari.

Sikuuliza. Nilimchukua yule mtoto mikononi mwa yule msichana. Kwa nguvu. Akapiga kelele, "Mwanangu! Anamchukua mwanangu!" Mimi nasema wamebadilisha, nesi kabadilisha, huyu ndiye wetu. Uji ukamwagika.

Esta akaamka. "Mama! Mrudishie mwenzangu mtoto wake!"

Nikamrudishia. Esta akaeleza. Msichana anaitwa Pendo. Kaletwa na bodaboda kutoka Usagara, peke yake, hana hata kitambaa. Nesi akauliza nani ana khanga ya ziada, Esta akatoa. Wa kwake kamfunga shuka la mama mkwe kwa sababu ni zito, na kulikuwa na baridi.

Hapo ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza. Lakini niliwatazama wale watoto, wote wekundu, wote wamekunja sura, wanafanana jamani! Hofu ikanipanda. Nikasema wapime. Wapime vinasaba kama kwenye tamthilia, tujue mtoto ni wa nani.

Kwa sauti. Mama yake Masanja amesimama pale na beseni. Masanja mwenyewe yuko dirishani nje.

Wodi nzima wakageuka. Halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko. "Heee! Mama mzazi ndiye anadai kipimo! Kumbe bwana kabambikiwa!" Wakacheka kitanda hadi kitanda.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwetu kipimo hicho anakidai mwanaume asiyemwamini mkewe. Nimemvua nguo mwanangu mbele ya wakwe zake, akiwa bado hajakauka.

Mama Masanja akaweka beseni chini. "Mama Esta, mwenzangu, toka kwanza nje upate hewa." Taratibu tu. Laiti angenimwagia maji usoni kama wale akina mama wa Kikorea wenye mikufu.

Esta akageukia ukutani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wameruhusiwa. Hawakuja kwangu. Wamekwenda kwa mama mkwe. Habari hizo kanipa Happy, Masanja alimtumia ujumbe yeye. Simu zangu hapokei. Esta hapokei.

Naogopa. Naogopa ndugu zake Masanja wakisikia. Naogopa Esta atarudishwa kwetu. Naogopa atarudishwa bila mtoto. Naogopa Masanja atacheka leo halafu miaka ijayo wakigombana amwambie, hata mama yako alikuwa na shaka.

Na yule Pendo. Mtu kajifungua peke yake, halafu natokea mimi.

Mama Rose kaja kunisimulia kwamba kwenye tamthilia wamepima, na majibu yamegeuzwa na katibu wa tajiri. Nikamwambia aende zake. Kaenda, kanuna.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Baba Esta kaenda Misungwi na jogoo, kuniombea radhi. Nilikaa mlangoni siku nzima. Happy kapika.

Karudi. Mtu wa maneno machache, nilimvuta neno moja moja kama mwiba.

Ni kweli, ndugu wa Masanja walianza kuuliza. Mama yake akawajibu, "Huyu mtoto nesi alinikabidhi mimi, bado ana damu, na sikumwachia mtu mpaka akanyonya. Anayetaka kipimo aje anipime mimi." Wakaacha kuuliza. Masanja kacheka. Jogoo wamempokea.

Mungu amjalie mama yule. Nilikuwa namwogopa kwa sauti yake tu.

Na Esta? Baba Esta alikunywa maji kwanza. Kasema, "Mwambie mama bado."

Bado nini? Bado lini? Hakuuliza.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimetoka kanisani. Nimetoa shukrani ya mtoto, peke yangu, watu wakaniuliza mzazi yuko wapi, nikasema yuko ukweni, anapumzika.

Baba Esta mzima. Happy mzima. Kuku mmoja kafa.

Mama Rose kaninunua kwa karanga, tumepatana. Ameweka Wachina, wafalme wa zamani. Niliangalia. Hakuna anayejifungua. Wana mavazi mazuri, na wakikasirika wanaondoka polepole, nguo inaburuta nyuma. Si wabaya kama nilivyosema.

Chumba nilichomwandalia Esta nimefungua dirisha, hewa iingie. Kitanda nimeacha kimetandikwa.

Leo Mama Rose kaniuliza mjukuu anaitwa nani. Silijui. Baba Esta alikaa kule mchana kutwa, kampakata, karudi, hakuuliza jina.

Esta mwanangu, hii huioni, najua. Sitaki kujieleza. Sitauliza utakuja lini. Nibipu tu, leo leo. Mimi nitapiga, uniambie jina la mtoto, halafu ukate.