Magongo Yaliyokwenda Kiwandani

Lufingo,
Machi 1998

Kaka Venance,

Shikamoo. Khanga ulizotuma zimefika, ndaga fijo, asante sana. Mama hajambo, mvua haikatiki, na upepo umeangusha migomba ya nyuma ya choo.

Unajua kiwanda cha chai kilipouzwa walitupunguza, sisi walemavu tukiwa wa kwanza. Juzi nikasikia afisa kazi anakuja, maana sheria inataka kila kiwanda kikubwa kiajiri walemavu. Nikasema nitakwenda kumlilia. Lakini asubuhi hiyo Hosea, shemeji yako, akachukua magongo yangu, ati anayapeleka kwa fundi yatiwe raba mpya. Basi nikashika mpini wa jembe, nikajikongoja mpaka getini.

Kaka, sikia. Uani walikuwa wamepanga mstari wa "walemavu wetu," na wa mwisho alikuwa Hosea! Hosea mzima, mguu kaukunja, magongo yangu kwapani! Afisa akampa mkono, akamwambia, "Hongera, usikate tamaa." Hosea akaniona. Akainamisha kichwa, akazidi kuchechemea. Nikageuka na mpini wangu, nikarudi nyumbani.

Jioni alisema, macho yakiwa chini, "Mke wangu, wamenipa kazi ya kudumu. Ila yule afisa atakuwa anakuja bila taarifa."

Mama usimwambie. Leo asubuhi Hosea ameondoka na magongo tena, nami nakuandikia mpini wa jembe ukiwa pembeni.

Raba mpya kweli ameyatia.

Mdogo wako,
Sekela