Mitoki ya Kwapa la Kushoto

Maskati, 12 Juni 2024

Mama yangu, shikamoo. Huku sote wazima, ila moyo wangu haujatulia. Kaka Azan anasema uvimbe wa titi ni mdogo na umegunduliwa mapema, lakini wewe umegoma kurudi hospitali. Namjua Azan, hata ukweli huupaka sukari. Niambie mwenyewe kuna nini.

Mwanao, Khulud

Kinondoni, 15 Juni

Marahaba mwanangu. Mie mzima, nakula na kulala, labda wagonjwa ni hao madaktari. Utrasaundi ilionyesha mitoki, tezi zilizovimba, kwapani, wakasema huenda saratani imefika huko. Wiki iliyofuata wakachoma sindano, majibu yakaja safi. Sasa wanataka kunipasua kwapa pamoja na titi. Kama ni safi, wanatafuta nini? Nahisi nafichwa, na Azan yuko upande wao. Njia ya mwongo ni fupi, nimekaa nawangoja.

Mamako

Maskati, 16 Juni

Shikamoo mama. Umeamkaje? Nimemuuliza jirani yangu, ni nesi. Sindano huchota kidogo tu, ikipakosa penye ugonjwa majibu huja safi. Na mitoki huvimba kwa mengi, hata kwa kidonda cha bega. Hapo nikaanza kuhesabu. Azan anasema ulipigwa picha siku tatu baada ya tarehe kumi na saba ya mwezi wa Kiislamu, na kila kumi na saba wewe huwa Manzese kwa Bi Hamida, unapigwa hijama, unachanjwa na kuumikwa damu. Usinifiche. Daktari anajua?

Mwanao

Kinondoni, 27 Juni

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Hamida alinichanja bega la kushoto, nikamwomba atoe damu nyingi, nikidhani itatoka na ugonjwa. Likatunga usaha. Nililificha nisije nikasemwa. Jana nimemweleza daktari, wala hakunisema. Akaniambia, "Mama, hilo tulikuwa hatulijui, lakini bado halitoshi." Kidonda kinaweza kuvimbisha mitoki na saratani nayo ikawemo. Dawa ni kutoa tezi chache za mwanzo, zile saratani hufikia kwanza, zikatazamwe kwa darubini. Nimekubali, ni Jumanne.

Mamako

Maskati, 9 Julai

Mama, shikamoo. Wiki nzima hupokei simu, na Azan kila nikimpigia ananiambia umelala. Nani hulala wiki? Kama majibu yametoka, nataka kuyajua.

Mwanao

Kinondoni, 14 Julai

Khulud mwanangu, marahaba, na unisamehe. Kidonda cha upasuaji kinapona vizuri. Walitoa tezi tatu. Ile kubwa tuliyoishuku sote haina kitu, ni lile bega tu. Yenye saratani ni ndogo, haikuvimba wala picha haikuiona. Ni chembe chache, daktari anasema tumewahi, na dawa naanza mwezi ujao. Azan usimlaumu, mie ndiye niliyemkataza asikwambie. Nilikuwa na watu wa kuwashuku, nikawa na kazi ya kufanya. Sasa sina hata mmoja wa kumshuku, naogopa tu. Njoo.

Mamako