Swali la Baba Kuhusu Samaki

Mugumu, 9 Septemba 1974

Dada Christina,

Shikamoo. Huku mvua bado, nami nimechoka.

Jana Katibu wa chama aliniamuru niwaeleze waliohamishwa kutoka Kisaka faida ya kuhama. Nikakumbuka masomo: katika mawe kuna mifupa ya samaki wenye mapezi kama miguu, ambao uzao wao ulitoka majini ukaishi nchi kavu.

Baba akauliza kutoka nyuma, “Mwanangu, hao samaki nao walibomolewa nyumba?”

Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Katibu hajui kwamba yule ni Baba yetu. Anajua wazee wote hutuita sisi vijana mwanangu. Anataka nimtajie jina la mzee aliyeuliza Jumatano.

Barua hii nimempa utingo wa basi la leo; njoo umchukue Baba kwa basi la kesho. Mwambie unaumwa. Akijua sababu, atabaki aulize tena.

Mdogo wako mwenye hofu,
Method