Nyumba Inayonunua Maji

Jumatatu, 3 Machi 1986
Kikao cha asubuhi kama kawaida. Mahamri ya jana, chai imepoa. Sista Kadzo wa zahanati, Mwalimu Karisa wa darasa la watoto wenye ulemavu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaunganisha ili familia moja isihangaishwe na ofisi tatu. Mwalimu alilalamika mahamri ni magumu, akayamaliza.

Tukafika kwa Zainabu wa Mambrui. Kajifungua binti mwezi uliopita, yuko arubaini, hatoki ndani. Mumewe yuko melini. Kifungua mimba wake, Shee, ana miaka minne, shingo haijakaza, na ana kifafa. Mimba ikiwa kubwa, Zainabu bado alikuwa akimleta zahanati kunyooshwa viungo. Sasa haji mtu. Sista alipita kwao, akaambiwa wote wazima. Mwalimu naye alipita, akaambiwa wazima. Tukaenda kwa familia nyingine.

Jumatano, 5 Machi
Mambrui. Joto la kumtokosa mtu. Bi Khadija, mama mkwe wa Zainabu, alinipokea barazani. Shikamoo, marahaba, kahawa, halua. Mzazi kalala, akasema. Wote wazima, alhamdulillahi.

Sikuomba kuingia. Anayetoka kwa wagonjwa haingii chumba cha mzazi wa arubaini. Nimelelewa hivyo.

Lakini kitu kimoja. Shee akisikia sauti yangu hupiga ukelele wa furaha mpaka majirani wajue nimefika. Leo nilicheka kwa nguvu pale barazani, makusudi. Kimya.

Ijumaa, 7 Machi
Labda alikuwa amelala. Watoto hulala mchana.

Jumatatu, 10 Machi
Sista alidhani Mwalimu ndiye anayempelekea Shee dawa ya kifafa. Mwalimu alidhani ni Sista. Mimi nilidhani mmoja wao. Chupa iko kabatini, imejaa. Niliwaka. Nikampigia Mwalimu kelele, maskini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kisha Sista akauliza: nani kati yetu amemwona Shee? Nani amemwona Zainabu? Hakuna. Habari zetu zote zimetoka kinywani mwa Bi Khadija, pale pale barazani. Shahidi mmoja, tukamhesabu watatu.

Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumanne, 11 Machi
Nimepeleka dawa. Bi Khadija aliipokea mlangoni, akashukuru, hakunikaribisha kuketi. Macho mekundu. Bi Khadija asiyemkaribisha mgeni! Huyu ambaye kwake hata mkusanya kodi hunyweshwa kahawa.

Nje nilimkuta mchuuzi wa maji na mkokoteni wake, anashusha madebe kwenye mlango wa uani. Nyumba ile ina kisima. Maji yake matamu, mtaa mzima huteka pale. Nikamuuliza kulikoni. Kimefunikwa kwa bati na mawe, akasema, tangu siku chache baada ya mzazi kujifungua. Bibi kasema mvua isije ikachafua maji.

Mvua gani? Mbinguni hakuna hata wingu.

Jumatano, 12 Machi
Sikufanya kazi ya maana leo. Kila nikikaa naliona bati lile. Mtu hufunika kisima akiwa na mtoto anayetambaa. Shee hatambai. Kichanga hakitambai. Naogopa kulimaliza wazo hili.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda na Sista. Tulipita mlango wa uani, tukapiga hodi tukiwa tumeshaingia. Bi Khadija alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha mzazi. Nilidhani atanifukuza.

"Mwanangu, nimechoka," akasema. "Nikifumba macho, ataondoka."

Akatueleza. Alfajiri moja alimkuta Zainabu kisimani, kampakata Shee, anamwambia kuwa sasa watapumzika pamoja. Tangu hapo bibi hana usingizi. Hakumwambia mtu. Aliogopa mkwewe ataitwa mwendawazimu, ataachwa, atanyang'anywa watoto. Basi kila aliyebisha hodi akaambiwa wazima.

Zainabu alikuwa kitandani, kichanga titini, macho ukutani. Hakunijua. Shee tulimkuta stoo, mbali na mama yake, juu ya mkeka safi. Amekonda. Chupa ya dawa haijafunguliwa. Siku zote mama yake ndiye aliyempa. Bibi hajui kipimo, nami juzi sikumwelekeza. Kifafa kikamshika mbele yetu. Kilikawia kumwachia.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Ijumaa, 14 Machi
Zainabu na wanawe wamelazwa hospitali ya Malindi. Daktari anasema ugonjwa wa Zainabu huwapata baadhi ya wazazi wakishajifungua, na una tiba. Shee alimfunika shuka tu. Mtoto hajafumbua macho. Bi Khadija amelala chini, kati ya kitanda cha mjukuu na mlango. Hata kelele za wodi hazikumwamsha.

Nimelia chooni ofisini. Nikanawa uso, nikaenda kwa familia ya Dabaso iliyokuwa ikinisubiri. Niliomba niingizwe mpaka jikoni.

Jumatatu, 17 Machi
Shee kafumbua macho. Kikao kifupi. Tumekubaliana: anayesema wazima aseme amemwona nani kwa macho yake. Mwalimu hakugusa mahamri.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Zainabu amerudi nyumbani, anakunywa vidonge vyake mbele ya Bi Khadija. Leo sikuketishwa barazani, nilipitishwa moja kwa moja ndani.

Shee yuko mkekani. Shingo imelegea kuliko zamani. Nilimsemesha, nikacheka kile kicheko changu. Alinitazama. Hakupiga ukelele.

Zainabu alikuwa akimkanda miguu taratibu. Mvua inagonga bati la kisima. Nilimwambia, kwa kutafuta la kusema, kwamba majirani wanauliza kitafunguliwa lini.

"Bado, dada," akasema.

Akamlaza mtoto vizuri, akatoka mvuani, akachagua jiwe kubwa kando ya ukuta. Hakuweza kulinyanyua peke yake. Nikashika upande wa pili. Tukaliweka juu ya bati pamoja na yale mengine, tukarudi ndani kujifuta maji.